Swali la Tatu la Mama Rudia

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, kibao cha mbao kinainuliwa kutoka ndani na dirisha la dawa linafunguka. Ni dirisha dogo, na limewekwa chini kiasi kwamba mtu mrefu hulazimika kuinama kama anayeomba radhi. Nyuma yake amekaa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, koti jeupe limenyooshwa kwa pasi, kalamu mbili mfukoni, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

Wa kwanza kuinama leo ni fundi mwashi mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi. Kikohozi kimemganda wiki nzima. Anapewa bahasha ya vidonge ishirini na moja, anashukuru, anageuka aende zake.

"Bado," mwanamke anamwita. "Hii dawa ni ya nini?"

"Ya kifua."

"Unaitumiaje?"

"Kimoja mara tatu, siku saba. Au mpaka nipone, kitakachotangulia."

"Na kupona kukitangulia?"

"Vitakavyobaki nampa mama watoto. Naye anakohoa."

Benchi zima linacheka. Mwanamke anavaa miwani yake, anamtazama fundi vizuri.

"Mama watoto ana kifua chake. Mlete apimwe, apewe vyake. Wewe unamaliza vyote ishirini na kimoja, hata ukiamka siku ya tatu unajisikia kubeba matofali kwa meno. Haya, rudia."

Fundi anarudia, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa. Anadhani yamekwisha.

"Na bahasha ikilowa je?"

Anaitazama bahasha, anamtazama mwanamke, anawatazama wenzake kwenye foleni wamsaidie. "Ikilowa... si nitaianika?"

"Utarudi nayo hapa, na vidonge vyake ndani. Usivihamishie kwenye bahasha nyingine hata kama ni nzuri namna gani. Rudia."

Ndiyo maana hakuna anayemwita kwa jina lake pale kituoni. Wagonjwa wote, na siku hizi hata wauguzi, wanamwita Mama Rudia.

Kwa siku moja anahudumia watu wasiopungua mia na thelathini, na kila mmoja anaulizwa maswali hayo hayo matatu. Mawili ya kwanza watu wanayaelewa. La tatu wanalichekea. Mzee mmoja mwenye shinikizo la damu humwambia kila mwezi kwamba yeye nyumbani kwake hakuvuji.

Mzee huyo naye ana vituko vyake. Siku mwandishi wa makala haya alipokuwapo, mzee aliulizwa kwa nini vidonge vya mwezi uliopita vimebaki kumi na viwili.

"Nikijisikia vizuri navipumzisha," alisema.

"Baba, unajisikia vizuri kwa sababu unavimeza. Ukivipumzisha vyenyewe, na wewe utapumzishwa."

"Una ulimi mkali, mwanangu."

"Na wewe una presha. Rudia."

Mzee alirudia huku akitabasamu. Ni dhahiri anampenda, na ni dhahiri pia kwamba mwezi huu hatavipumzisha tena, angalau si vyote.

Lakini katika maelfu ya watu walioinama mbele ya dirisha hili, kuna mgonjwa mmoja ambaye Mama Rudia hakumhudumia kwa miaka minne. Naye si wa mbali. Wanaishi nyumba moja, wanakula meza moja, wanatumia ndoo moja ya maji. Ni mama mkwe wake.

Mwandiko uliosifiwa

Ukimuuliza Mama Rudia nani alimfikisha kwenye dirisha hili, hatamtaja mwalimu wala mume. Anamtaja bibi huyo, mshonaji wa foronya na mito, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja sasa.

"Nilikuwa na watoto wawili wadogo, nimekata tamaa ya shule kabisa," anasimulia. "Yeye ndiye aliyeniambia, nenda kasome, hawa niachie. Miaka miwili aliwalea. Nikirudi likizo nakuta watoto wananiita mgeni, yeye wanamwita mama. Sikuona wivu. Nilishukuru."

Alipoajiriwa, aliyefurahi kuliko wote alikuwa huyo huyo bibi. Siku hizo akipewa dawa, humwonyesha jirani bahasha. Tazama mwandiko wa mke wa mwanangu, atasema. Dawa zikiisha, bahasha haitupi. Anaipangusa, anaikunja vizuri na kuiweka kwenye kopo la biskuti lililo juu ya kabati, pamoja na vifungo na nyuzi zake.

"Mimi nilidhani ni tabia ya washonaji, hawatupi kitu," Mama Rudia anasema. "Kumbe anakusanya mwandiko wangu."

Wakati huo, bahasha za dirishani ziliandikwa kama zinavyoandikwa kwenye madirisha mengi. Namba mbili na alama ya mara katikati. Hakuna jina la mgonjwa, hakuna jina la dawa, hakuna tarehe. Foleni ni ndefu, nani ana muda?

Ilikuwa siku ya kufua. Bibi alikuwa ndiyo kwanza amepewa vidonge vya kushusha sukari, kimoja kwa siku asubuhi. Ndoo ikapinduka jikoni, maji yakaifikia bahasha pembeni mwa jiko. Karatasi ikalowa, vidonge vikanusurika.

Bibi akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Aliviokoa vidonge vyake. Alipanda kiti, akashusha kopo la biskuti, akachagua bahasha kavu, safi, yenye maandishi yanayosomeka vizuri kuliko zote. Ilikuwa ya dawa za maumivu ya mgongo za mwaka uliotangulia. Juu yake palikuwa pameandikwa mbili mara tatu.

Kesho yake asubuhi akasoma, akameza viwili. Mchana akameza viwili vingine.

Saa tisa jirani alimkuta karibu na kamba ya nguo, amekaa chini, jasho linamtiririka, anamtaja marehemu mumewe kama anayeongea naye. Jirani akapiga yowe, na mtu akatumwa kituoni.

"Nilikimbia na hili koti," Mama Rudia anasema. "Nilipofika alikuwa ameshalala, haitiki. Tulimpima sukari. Sijawahi kuona namba ndogo namna ile kwa mtu anayepumua. Tukamwekea dripu, tukampakia kwenye gari kwenda hospitali kubwa. Na mimi ndani ya gari najiuliza, amekula nini huyu? Amekula nini?"

Jibu alilipata juu ya meza ya jikoni aliporudi kuchukua kanga na sabuni. Bahasha ilikuwa imekaa wima, imeegemezwa kwenye kikombe. Aliutambua mwandiko kabla hajaisoma.

Mama Rudia anafuta miwani ambayo haina vumbi.

"Bahasha yangu ilikuwa na mwandiko mzuri na haina habari," anasema. "Mtu karibu afe kwa kunitii."

"Mkono wako basi"

Bibi alilazwa siku mbili, akarudi nyumbani anatembea kwa miguu yake. Akabadilishiwa dawa. Familia ikashukuru Mungu, na mambo yangeweza kuishia hapo.

Ila jioni ile Mama Rudia alipomletea kidonge na bilauri ya maji, bibi aligeuza uso ukutani.

"Chakula cha mkono wako nitakula," alimwambia. "Dawa, basi."

Alimwomba msamaha mara tatu. Mara zote bibi alimjibu kwamba hakuna cha kusamehe, kisha akageuza uso vile vile. Hawakugombana. Waliendelea kuchambua mchele pamoja na kucheka vioja vya majirani. Lakini tangu siku ile, dawa bibi alizipokea kwa mkono wa mwanawe tu, kidonge kimoja kimoja, kutoka kiganja hadi kiganja.

Na mwanawe ni dereva wa lori. Wiki hii yupo, wiki ijayo hayupo.

Akiwa safarini humpigia mama yake simu kila asubuhi. "Mama, umemeza?" Na mama hujibu bila kusita, "Nimemeza, baba." Mke wake, aliyekuwa akisikia simu hiyo akiwa anafunga vifungo vya koti, alijua ni uongo mtupu. Bibi alipokwenda kuoga, yeye alivihesabu vidonge. Mwezi uliopita vilitakiwa kuwa vimebaki vinne. Vilikuwa kumi na tisa.

"Unajua uchungu wake?" anauliza. "Mia na thelathini kwa siku wananisikiliza. Mtu aliyenilelea watoto hanisikilizi."

Sukari haina subira. Tangu miezi miwili iliyopita bibi ana kidonda kwenye kidole cha mguu wa kushoto, alichojichoma kwa sindano iliyodondoka. Kidonda hakifungi. Macho nayo yameanza kumchezea. Kutunga uzi sindanoni kumekuwa kazi ya nusu saa. Mkuu wa kituo alimwita Mama Rudia ofisini na kumwambia waziwazi kwamba bibi asipomeza dawa kila siku, wataanza kuzungumzia kukikata kidole, na haitaishia kidoleni.

Yaliyomshinda nyumbani aliyamalizia dirishani. Ndiko maswali matatu yalikoanzia. Leo kila bahasha inayotoka kwake ina jina la mgonjwa, jina la dawa, kazi yake, namna ya kuitumia kwa maneno kamili, na tarehe. Bahasha ya zamani ikirudi, anaichana mbele ya mwenyewe.

Mwanzoni watu walimchukia. Foleni ilifika mpaka kwenye bomba la maji. Mkuu wa kituo, mwanamume mpole lakini mwenye haraka, anakiri kwamba nusura amwondoe pale.

"Nilimwambia, dada, hapa si shule ya msingi," anasema. "Nilisimama na saa. Zamani mgonjwa mmoja alichukua nusu dakika. Yeye alichukua dakika mbili! Akaniomba miezi mitatu. Nikampa nikijua atashindwa."

Kisha akafungua daftari la wagonjwa wanaorudi kwa sababu wametumia dawa vibaya. Mwezi kabla ya maswali walikuwa kumi na moja. Miezi mitatu baadaye walikuwa wawili. Tangu hapo mkuu wa kituo hajashika saa tena, na ameongeza benchi.

Namba thelathini na nne

Siku ya pili ya mwandishi kukaa kituoni, muda wa saa nne hivi, Mama Rudia anaita namba thelathini na nne bila kuinua uso. Mkono unaingia dirishani na cheti. Vidole vyembamba, na kwenye kidole cha kati kuna alama ya subana, kikofia cha chuma cha mshonaji.

Kalamu inamdondoka.

Bibi ameinama mbele ya dirisha. Amevaa gauni lake la kutokea, mguu mmoja una kiatu na mwingine una kandambili kwa ajili ya bandeji. Kwapani amebana mfuko wa plastiki. Amepanga foleni tangu saa mbili kama watu wote, na hakumwambia mtu kwamba mhudumu ni mkwe wake.

"Shikamoo, Mama," Mama Rudia anasema.

"Marahaba. Nihudumie, watu wanasubiri."

Mama Rudia anahesabu vidonge thelathini. Anavihesabu tena. Anaandika bahasha polepole, neno kwa neno, na kuisukuma mbele. Kwa sekunde kadhaa hakuna anayeigusa.

"Hujaniuliza," bibi anasema.

"Nikuulize nini, Mama?"

"Wengine umewauliza. Nimekusikiliza asubuhi yote."

"Hii dawa ni ya nini?"

"Ya sukari. Ya kwangu, si ya jirani."

"Unaitumiaje?"

"Kimoja. Asubuhi, kabla sijala, na chakula kiwe tayari mezani. Kila siku, awepo mwanangu asiwepo. Nikisahau siku moja, kesho yake sifidii kwa kumeza viwili."

Swali la tatu Mama Rudia hawezi kulitoa. Bibi anaona, na anaweka mfuko wake kwenye kizingiti cha dirisha. Ndani kuna kopo la biskuti.

"Sikiliza, mwanangu," anasema kwa sauti ya chini, lakini foleni ya mbele inasikia. "Mwanangu amepewa safari ya wiki tatu. Juzi ananiaga ameniuliza, Mama, hivi mke wangu unamwogopea nini? Watu wote mnadhani nauogopa mkono wako. Aliyepanda kiti akashusha kopo ni nani? Aliyehamisha vidonge ni nani? Mkono niliouogopa ni huu."

Anauinua mkono wake mwenyewe.

"Kila nikishika kidonge unatetemeka. Nikaona aibu kusema. Ni rahisi mzee kumkasirikia mkwe kuliko kusema naogopa. Nisamehe."

Mama Rudia analia, tena bila kujificha, mbele ya wagonjwa wote aliowahi kuwafokea. Mzee wa presha, aliyekuja kupima tu leo, anatangaza kwamba vumbi la kituo hiki limezidi.

Kopo linafunguliwa. Bahasha ni sabini na mbili, zimekunjwa kwa usawa kama foronya. Wawili hao wanazichana pamoja, mmoja ndani ya dirisha na mwingine nje, na safari hii foleni haimlaumu mtu.

Inabaki moja. Bibi anaizuia kwa kidole. Imeandikwa mbili mara tatu.

"Hii usiichane. Nina kazi nayo."

Benchi la Jumanne

Kazi yenyewe aliieleza mwenyewe mchana ule, akiwa amekaa chini ya ubao wa matangazo akisubiri kidonda kisafishwe. Jumanne ni siku ya wagonjwa wa sukari na presha. Anataka kuwa anakuja mapema, akae benchini na bahasha ile mkononi, awasimulie wenzake yaliyomkuta.

"Akiwaambia yeye wanasema ni maringo ya wasomi," alisema. "Nikiwaambia mimi niliyeongea na marehemu pale kwenye kamba ya nguo, watasikia."

Mkuu wa kituo amekubali. Amekubali pia ombi ambalo Mama Rudia amekuwa akilipeleka kwake kwa mwaka mzima: kupiga muhuri kwenye kila bahasha, wenye nafasi ya jina, dawa, matumizi na tarehe, ili hata siku Mama Rudia akiwa likizo, mwingine asiweze kuandika namba tupu. Muhuri unachongwa wiki hii.

Kuhusu kidole hakuna aliyeahidi kitu. Muuguzi aliyekisafisha alisema tu kwamba nyama ni nyekundu, na kwamba nyekundu ni rangi nzuri. Dawa ikimezwa kila siku, kuna matumaini. Bibi aliuliza kama ataweza kutunga uzi tena mwenyewe. Akaambiwa aanze na kidonge.

Asubuhi iliyofuata, saa moja, mwandishi amekaribishwa chai. Chupa ya chai ipo mezani, mkate umeshakatwa. Mama Rudia amesimama karibu na mlango, koti la kazi mkononi. Hagusi kitu. Ameombwa asiguse.

Bibi anavaa miwani. Anaisoma bahasha kwa sauti, kuanzia jina lake mpaka tarehe. Anatoa kidonge kimoja, na kiganja kinatetemeka, kinatetemeka sana, mpaka Mama Rudia anapiga hatua moja mbele kisha anajizuia. Bibi anakifikisha mdomoni. Anakunywa maji yote.

Halafu anavuta kiti kilicho kando yake.

"Bado hujaniuliza la tatu," anasema.

Mama Rudia anakaa. "Bahasha ikilowa je, Mama?"

"Sigusi kopo, sipandi kiti. Nakuita wewe. Kama uko kazini nakuja, kama umelala nakuamsha." Anasukuma kikombe cha chai mbele ya mkwe wake. "Haya, sasa wewe. Rudia."